Kiti cha plastiki

Mjukuu kapiga simu jana kutoka Kisumu. "Nyanya, mnarudi lini nyumbani?" Mzee wangu akanitupia jicho juu ya miwani, kisha akarudi kwenye ubao wake wa drafti. Siku hizi anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na bado ananuna akifungwa. (Jirani yangu aliposikia kwa mara ya kwanza naitwa nyanya, alicheka mpaka akakaa chini. Kwake yeye nyanya ni ya kachumbari.)

Nikamwambia mtoto tutaona, Mungu akipenda. Halafu usiku mzima ule ungo haukunitoka kichwani.

Ilikuwa 2015. Mkataba wa mzee pale kiwanda cha samaki ulishaisha zamani, nasi tukabaki tu hapa Kitangiri, Mwanza, kila mwaka tunasema mwakani. Alasiri alikuwa anashuka kwa jirani wa chini, baharia mstaafu, wanacheza kwa visoda chini ya mwembe. Yule baharia naye alikuwa na Kisumu yake. Alifanya kazi kwenye meli za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mwanza kwenda Kisumu na kurudi, mpaka Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ulipofunguliwa 1983, yeye alishashuka melini. Ila aliacha shati kwa fundi cherehani huko, kitambaa chake mwenyewe na hela ameshalipa. Kila tukipanda basi la Sirari, kule mpakani, anampigia mzee wangu kelele: "Nipitie shati langu!" Na mzee wangu akichelewa kusogeza kisoda: "Ziwa lote hili nyie Wakenya mna asilimia 6. Cheza, bwana."

Yule baharia akafa asubuhi moja, ghafla tu. Walisema presha.

Sasa, hapa mtaani palikuwa na kiti. Cheupe, cha plastiki. Nikifika kwenye shughuli yoyote, harusi au msiba, lazima sauti itoke: "Mleteeni Mwalimu kiti!" Kinafutwa kwa pindo la khanga, kinawekwa barazani, nakaa. Wenzangu wote wako nyuma ya nyumba, mikekani, wanamenya vitunguu na kusengenya. Mimi niko juu na soda yangu, naitikia marahaba. Miaka kadhaa nilidhani ile ni heshima. Pengine ilikuwa heshima.

Siku ya pili ya msiba nikaenda, kiti kikaletwa kama kawaida. Kabla sijakaa, akatokea mama mmoja mnene, dada yake mfiwa, aliyevuka asubuhi ile kwa kivuko cha Kamanga. Hanijui, simjui.

"We mama, unazubaa nini hapo? Watu watakula saa ngapi?"

Akanishika mkono, akanikalisha mkekani kati ya wanawake wawili, akanitupia ungo umejaa mchele. Mimi ni mtoto wa mjini. Kuchagua mchele kwenye sinia naweza, lakini kupepeta sijawahi. Nikaona aibu kusema. Nikatazama wenzangu wanavyofanya, mchele unaruka na kutua palepale kama umefungwa kamba, pumba zinaondoka zenyewe. Nikasema, basi na mimi. Nikarusha.

Mchele haukutua palepale. Ulipanda wote, ukamwagika kwenye mkeka, kwenye sufuria ya vitunguu, na mwingine, Mungu wangu, kwenye mapaja ya mjane mwenyewe, aliyekuwa amejifunika khanga kichwani tangu jana yake bila kutamka neno. Kimya. Hata kuku waliacha kuparua. Mjane akafunua uso umevimba, akazitazama zile punje, akaokota moja, akaigeuza geuza kwenye vidole.

"Mkenya huyu," akasema.

"Mkenya?" dada yake akashtuka. "Na mimi nikadhani wifi yako!"

Mjane akaangua kicheko, mabega yanamtikisika, na wote tukamfuata. Sijui ni saa ngapi kile kicheko kiligeuka kilio. Mimi nilikuwa bado naokota mchele.

Mazishi yalipita. Mzee wangu alibaki kaburini nyuma ya watu, na njiani akaniambia neno moja tu: "Shati."

Tangu siku ile sijaletewa kiti. Napokelewa kwa kisu na beseni la vitunguu, nasengenya na kusengenywa. Najua fika nilikaribishwa kwa kufananishwa na mtu mwingine. Na kwa magoti haya niliyonayo sasa, kusema kweli, kuna misiba ninayokaa nikikichungulia kile kiti barazani.

Leo asubuhi nikamuuliza mzee: mtoto tumwambie nini, tunarudi lini? Akakwangua kidevu. Upande wa kushoto wa ubao ulikuwa na kingi mbili.

"Ngoja nimfunge huyu kwanza," akasema.