Rasta, upepo wa Dodoma na siki

Jamani mi napenda rasta sijui nisemeje, ukiniona kichwa wazi ujue hela imekata. Ila Dodoma hii nayo inataka uwe na akili, hasa kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo unavuma, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye mizizi, wiki mbili tu rasta mpya zinaonekana kama ulizikuta shambani. Saizi naenda na nodilesi kubwa, zinaanza na nywele yako mwenyewe msusi anaongezea rasta kidogo kidogo, hamna kile kifundo cha kuvuta ngozi, na usiku wa kwanza nalala bila panadol 😂

Halafu kuna ule muwasho. Zamani nilidhani nina mba kumbe ni ile dawa inayopakwa kwenye rasta kiwandani. Nikishanunua sokoni Majengo naziloweka kwenye maji na siki hadi utando mweupe utoke juu, nasuuza, naanika zikauke kabisa, ndo napeleka saluni. Msusi wangu alinicheka eti unapika kachumbari, sasa hivi na yeye anaziloweka.

Wigi sipingi, ila kwa upepo huu bana vizuri dada yangu. Na ukiambiwa nywele ya binadamu kwa bei ya karanga chomoa uzi mmoja uchome, ikiyeyuka na kuganda kama plastiki hapo umepigwa, ya mtu inanuka nywele inageuka majivu.

Wiki sita nafumua, hata kama bado zinadai.