Kwa Kichwa Hukunifumba

Alhamisi, saa nne usiku

Sentensi ya mwanangu, Bwana Mdogo, nimeiacha ipite, imekataa. Tangu Jumamosi tulipoangalia filamu ya Logan, nikikata kitambaa naisikia, nikikaanga naisikia, na jana nimekata mkono mmoja wa gauni la watu mfupi kuliko mwenzake kwa sababu yake.

"Mama, kwa yule dada umenifumba macho, kwa kichwa hukunifumba."

Angeisema kwa ubishi ningejua pa kumshika. Bwana Mdogo aliisema kama mtu anayekumbusha chenji yake dukani. Taa nimeshawasha, bakuli la bisi limebaki mbegu, yeye anakunja mkeka. Nikamjibu, "Ile ya kichwa ni ya kuigiza." Akafikiri kidogo. "Na ya yule dada je?" Nikasema, "Nenda kalale."

Nenda kalale! Miaka kumi na miwili ya kumlea, na hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nyumba yetu ndiyo hii. Runinga moja, rimoti yangu, na Anko ndiye mleta flashi. Safari hii flashi ilikuwa na Logan, ile ya 2017 ya James Mangold, Hugh Jackman akiwa Wolverine, shujaa wa makucha ya chuma, aliyezeeka. Mimi nilishaiona mara mbili peke yangu, kwa hiyo siwezi kusema jalada lilinidanganya. Alama yake ya umri naijua. Marekani wameipa R, maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mtu mzima. Uingereza wameipa 15, na huko sinema hazimruhusu aliye chini ya umri huo hata akija na ukoo mzima. Na Wamarekani huandika sababu chini ya alama, nami huzisoma kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu herufi peke yake haikwambii ni nini hasa kimo ndani. Za hii zimepangwa hivi: kwanza ukatili mkali, halafu matusi mwanzo mpaka mwisho, na mwisho kabisa uchi wa muda mfupi.

Uchi wameuweka mwisho. Mimi niliuweka kwanza.

Tukio lenyewe ni la sekunde chache. Ni mwaka 2029, Logan anaendesha limozini ya kukodi huko Texas karibu na mpaka, amebeba akina dada wanaosherehekea, mmoja anafunua kifua. Mkono wangu uliruka wenyewe. Sijui hata nani aliuamuru. Kiganja kizima usoni kwa mtoto, mpaka bisi zikamwagika.

Baadaye, kabla filamu haijafika nusu, tuko kwenye kiwanda chakavu cha kuyeyushia madini upande wa Mexico. Wanaume wenye bunduki wameingia ndani kumkamata Laura, mtoto wa kike wa miaka kama kumi na moja hivi, mwenye makucha kama ya Logan. Kimya. Mara anatoka yeye, ana kitu mkononi, anakitupa, kinabingirika mpaka mbele ya wenzao waliobaki nje. Ni kichwa cha mtu. Wakati huo mkono wangu ulikuwa wapi? Ndani ya bakuli la bisi. Nilikuwa natafuta zile zenye chumvi.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikiirudia. Kama ningeamua kwamba kichwa ni sawa na kifua si sawa, ningekuwa na hoja, hata iwe mbovu. Sikuamua lolote. Kimoja kilinistua, kingine nimekizoea, na mtoto ameona tofauti kabla yangu.

Na nimekizoea tangu lini? Huyu anaangalia filamu za mashujaa tangu ana miaka saba. Zile nyingine nyingi zina alama ya PG-13, alama ambayo Wamarekani waliianzisha 1984 kwa filamu zinazowazidi watoto wadogo lakini hazijafikia R. Mtindo wake unajulikana: magorofa yanaanguka, mji unafutika, damu huoni. Mtu anapigwa ngumi ya kuvunja ukuta anainuka anapangusa vumbi. Mimi niko jikoni nageuza vitumbua, sijauliza kitu. Katika hii Logan mtu akichomwa anachomeka. Kwangu hilo ndilo la kuipa heshima, na ndilo la kuikataza. Shujaa mwenyewe anachechemea, kidonda hakifungi kama zamani, na kuna mahali ukucha mmoja wa chuma hautoki wote mpaka auvute kwa mkono, usaha unatoka nao. Mtoto alisema "aii" akakunja vidole vyake. Sijawahi kumsikia akisema "aii" katika zile za magorofa.

Kufumba macho nako nimegundua ni kazi bure. Ukimfumba mtoto macho umemwachia masikio, na ukatili wa filamu hii mwingi uko kwenye sauti: chuma kinachomoka, nyama inapasuka, mtu anakoroma. Kichwa chake kikajichorea picha mbaya kuliko ile iliyokuwa kwenye kioo. Kama unataka kupunguza makali, punguza sauti kwanza. Taa ya sebuleni iache imewaka, gizani kila kitu kinakuwa kikubwa mara mbili. Rimoti ikae mkononi, bisi azishike mtoto. Na ukisimamisha, usisimamishe katikati ya upanga, maana ile picha iliyoganda ndiyo atakayolala nayo. Rudisha nyuma mpaka usoni pa mtu, ndipo useme unalotaka kusema.

Mimi hayo sikuyafanya kwa sababu nilikuwa na kazi nyingine, ya ukalimani. Hii haikuwa ya kutafsiriwa, ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Bwana Mdogo ni cha darasani, hakiwezi kufukuzana na sinema. Neno la kwanza kutoka kinywani mwa stelingi ni tusi. Nililitafsiri "Lo!" Yameendelea kuwa "Lo!" kwa saa mbili na dakika kumi na saba, mpaka mtoto akaniuliza kama huyu mzee hana neno lingine. Na Laura hasemi chochote zaidi ya nusu ya filamu. Akifungua mdomo, kumbe ni Kihispania, kama cherehani iliyokatika breki, nami nikabaki nasoma maandishi ya chini kwa Kiingereza huku nayageuza Kiswahili, nimechelewa sentensi tatu.

Ndiyo maana lile la maana kuliko yote halikumfikia. Karibu na mwisho wanazungumza habari za ndoto mbaya. Laura anasema katika zake watu wanamuumiza. Logan anasema katika zake ni yeye anayeumiza watu. Mtoto anasema na yeye ameumiza watu, mzee anamwambia itabidi ajifunze kuishi nalo. Laura anajitetea: walikuwa watu wabaya. Na mzee anamjibu kwamba ni yale yale. Pale ndipo ningepaswa kusimamisha, nipige makofi, nirudie mara tatu. Nilinyamaza. Koo lilikuwa limenikaba.

Mwenzangu akipiga simu kutoka Tunduma huwa anasema nalia hata kwenye tangazo la sabuni. Sawa. Lakini katika wiki ambayo mama mkwe ametolewa mtoto wa jicho salama na ile kazi ya sare 60 za shule tumeipata, mimi nilikuwa nafikiria Logan anavyomshika Charles Xavier kumpeleka chooni. Yule profesa aliyekuwa anawaongoza mashujaa wote wa kundi la X-Men sasa ni mzee wa miaka tisini na kitu, ubongo unamsaliti, akikosa dawa anapata kifafa ambacho kinawatetemesha na kuwaua walio karibu naye. Anafichwa ndani ya tangi la maji lililoanguka ubavu. Anatukana, anasahau, anatemewa maneno na anayemtunza, na bado anabebwa. Yeyote aliyewahi kumwogesha mzazi ataijua ile sura ya Logan, hasira na huruma zimekaa uso mmoja. Hilo sijaliona katika filamu nyingine ya watu wenye makucha.

Kisha kuna familia ya Munson, na hapa siisamehi filamu. Malori yanayojiendesha yamewatoa barabarani, farasi wao wametawanyika, Charles anawatuliza kwa akili yake, na wale watu, baba, mama na kijana wao, wanasema karibuni chakula cha usiku. Wanakula, wanacheka, mzee anapewa kitanda. Logan anatoka na mwenye nyumba kutazama pampu ya maji ambayo kampuni kubwa ya mahindi ya jirani imeifunga. Wakirudi, kimekwisha: kiumbe chenye sura ya Logan mwenyewe kimemchoma Charles kitandani, kimeua kijana, kimeua mama. Baba anapambana, analigonga lile jitu kwa gari, kisha anamgeuzia Logan bunduki. Anavuta, risasi zimekwisha, anaanguka amekufa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeikuta methali yetu imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Hicho ndicho kilichopaswa kuninyanyua mkono, kuliko kifua, kuliko hata kichwa: watu walitoa sahani ya chakula wakalipwa hivyo, na filamu inapanda gari inaendelea na safari. Bwana Mdogo aliuliza, "Na hao nani atawazika?" Sikuwa na tafsiri ya hilo pia.

Jumapili nikafanya nilichojua. Nilisema ya kichwa ni ya kuigiza, basi nikamwita jikoni nimwonyeshe. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, matone sita ya ndimu ili sukari isirudi kuwa chenga. Chemsha bila kukoroga mpaka ukiinua kijiko shira inateremka polepole kama asali changa. Epua, acha ipoe, maana shira ya moto inaunguza kuliko mafuta na haidondoki kwenye ngozi. Weka rangi nyekundu ya chakula vijiko viwili vya chai. Hapo utapata soda ya stroberi, si damu. Siri ni kakao: nusu kijiko cha chai, iloweshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, ukiitupa kavu inaelea madonge. Ndiyo inayoondoa uwaridi na kuleta ule weusi.

Ya kwanza niliichemsha ikapitiliza, ikapoa ikawa ngumu kama kashata. Kijiko kimoja kimoja cha maji ya moto kikairudisha. Nikamweleza kwamba huko Marekani wamezoea shira ya mahindi kwa sababu haigandi chenga, kwamba kichwa hutengenezwa kwa silikoni juu ya umbo la kichwa cha mtu halisi, na kwamba yule msichana, Dafne Keen, alikuwa na miaka 11 wakati wanapiga picha, na kwenye miruko ya hatari kuna wanaoruka badala yake. Alichovya kidole akalamba. "Tamu." Akajipaka shingoni, akaenda kumtisha dada yake, nyumba ikajaa kelele, shati la shule likapata doa ambalo limekataa jiki. Nilicheka, jamani. Kwa mara ya kwanza tangu usiku ule ile sentensi ilininyamazia kama robo saa.

Kisha akarudi, shingo inanata, akasema, "Mama, lakini stelingi hafi."

Hiyo ndiyo sheria ya kibanda umiza tangu sisi watoto. Stelingi hafi, akifa si stelingi, na anayeijua filamu hulipiwa soda asiseme. Logan anakufa. Watoto wanamzika porini, wanapanga mawe juu. Wakiondoka Laura anarudi, anaung'oa ule msalaba wa miti, anaulaza upande uwe X, alama ya kundi lao. Ndipo filamu inaisha. Jumamosi nilikuwa nimemtazama mtoto pale nikidhani anasinzia, kumbe amejifunika shuka mpaka puani. Kwa kichwa hakulia. Kwa miti miwili alilia.

Nilimwambia huyu amekufa na bado ni stelingi. Akasema basi sheria ibadilishwe, akaenda kuoga.

Kwa hiyo ningemruhusu tena? Kwa miaka kumi na miwili, hapana. Miaka miwili mbele, ndiyo, tena kwa siku mbili, tunaishia mlangoni kwa Munson tunaendelea kesho mchana. Aliyeniuliza wiki iliyopita kama inafaa kwa wa miaka tisa: hapana, wala usijaribu kumfumba. Na la yule dada bado sijamjibu. Nimeandika majibu manne nyuma ya daftari la vipimo, yote yanaanzia na "kwa sababu" na hakuna linalofika mwisho wa mstari.