Kopo la Mafuta Kando ya Jiko

Mwaka 1998, nilipokuwa nasoma katika jimbo la Ohio nchini Marekani, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akikaribia miaka sabini. Kando ya jiko lake palikaa kopo la kahawa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulitupa. Kila alipomaliza kukaanga nyama aliyachuja mafuta yaliyobaki kwa kitambaa, akayamimina humo, akalifunika. Kwa kuwa nyama yenyewe mara nyingi ilikuwa ya nguruwe, mimi nilikaa mbali na kopo hilo, wala sikuwahi kumwuliza habari zake, mpaka Jumamosi moja ya majira ya baridi aliponiomba nimsaidie kupanga vitu katika chumba cha chini ya nyumba.

Huko chini, ndani ya sanduku la bati, tulikuta bango lililokunjwa mara nne, kingo zake zimekwisha kuliwa na wadudu. Lilichapwa na serikali mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliyelichora ni Henry Koerner, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani baada ya Hitler kuitwaa Austria. Mkono umeshika kikaango kilichoinamishwa, mafuta yanamwagika, na kadiri yanavyoanguka yanageuka kuwa mabomu yanayolipuka. Maandishi yaliwataka watu waweke akiba ya mafuta yaliyotumika ili yatengenezewe baruti, na wayapeleke kwa muuza nyama wao.

Nilicheka, nikidhani serikali ilikuwa imetia chumvi. Mama mwenye nyumba hakucheka. Aliketi juu ya sanduku jingine akanieleza kwamba katika mafuta hutolewa gliserini, na gliserini ndiyo inayotengenezewa nitrogliserini, yaani kilipuzi kikali, na kwamba nchi yao ilikuwa imezoea kuletewa mafuta ya nazi kutoka Ufilipino, ambayo Wajapani waliiteka mwaka 1942. Wakati huo yeye alikuwa msichana mdogo, na kazi ya kupeleka kopo ilikuwa yake. Muuza nyama alilifungua, akanusa kwanza kama mafuta hayajachacha, kisha akayapima kwenye mizani na kumlipa senti 4 kwa ratili. Baadaye zikaongezwa na alama za mgao, ambazo mama yake alizipenda kuliko senti, kwa sababu bila alama hizo hununui nyama wala siagi hata ukiwa na fedha mkononi. Makopo ya bati nayo yalikatwa pande zote mbili, yakakanyagwa yakawa bapa, yakapelekwa kukusanywa. Mwezi Juni 1942 Rais Roosevelt aliomba kila kipande cha mpira chakavu, na kaka wa mama huyo akapeleka kituo cha petroli buti zao za mvua pamoja na bomba la kumwagilia bustani, bila kumwuliza baba. Adhabu aliyopewa kaka huyo alinisimulia kwa furaha nisiyoweza kuieleza.

Jambo ambalo bango halikulisema, nami nililisoma baadaye maktabani, ni kwamba nyuma ya kampeni ya mafuta walikuwapo pia watengenezaji wa sabuni, ambao walikuwa na shida yao wenyewe ya mafuta. Sidhani kama hilo lingemsumbua yule msichana mwenye kopo.

Alipotaja Ufilipino na mpira, nilishindwa kunyamaza, kwa maana mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Nilimweleza kwamba kuanguka kwa Ufilipino kuliwakatia pia katani ya kamba za meli, na kuanguka kwa nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, kukawakatia mpira, ndipo mkonge wa Tanga ukatafutwa kwa udi na uvumba, na mashamba ya mpira yaliyopandwa na Wajerumani karibu na kwetu, ambayo yalikuwa yametelekezwa tangu bei ilipoporomoka mwaka 1913, yakafyekwa upya ili miti ikatwe magome na kutoa utomvu. Huko kwetu, nikamwambia, serikali ya kikoloni haikuishia kuomba: ilichukua watu kwa lazima kutoka vijijini ikawapeleka mashambani. Babu yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Nilijaribu pia kumweleza kipande, ile kadi iliyohesabu siku za kazi, ambayo haikujaa mpaka umalize siku 30 zilizokubaliwa na mnyapara.

Aliniuliza swali moja tu: wale watu walilipwa kiasi gani? Nilijua kwamba walilipwa kidogo, lakini kiasi chenyewe sikukijua, na yeye hakuwa mtu wa kuridhika na jibu la namna hiyo. Alinipa karatasi na stempu, akasimama juu yangu mpaka nikamaliza kumwandikia babu, nikiwa nimelieleza lile bango lote, kikaango, mabomu, muuza nyama na senti 4 zake.

Jibu lilichelewa sana, likiwa limeandikwa na mjukuu aliyekuwa akisoma shule ya msingi, kwa maneno ya babu mwenyewe. Kuhusu mshahara alisema kwamba fedha ile haikutosha hata shuka, nazo nguo wakati wa vita hazikupatikana madukani, hivyo wengine walivaa magunia. Sehemu yote iliyobaki ya barua ilihusu muuza nyama. Babu alitaka nimthibitishie, kwa kumwuliza yule mama tena, kama ni kweli huko Marekani mtu alilipwa fedha taslimu kwa mafuta aliyokwisha kukaangia.