Mwongozo wa wafanyakazi wa saiti: nilianza na daftari la mahudhurio

Mwongozo niliokabidhiwa kuurekebisha ulikuwa umenakiliwa kutoka benki. Mavazi ya ofisini yalipewa ukurasa mzima, halafu mstari mmoja: "Vibarua hawahusiki na mwongozo huu." Kwa mkandarasi wa ujenzi mwenye watu wachache ofisini na mafundi na saidia fundi wamejaa saiti, mstari huo unawatoa karibu wote wanaofanya kazi yenyewe.

Nikaomba daftari la mahudhurio la miezi 3. Sababu ni Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania, Na. 7 ya 2004: aliyemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi 3 iliyopita anahesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi mwenye kampuni athibitishe vinginevyo. Saa 45 hazifiki hata siku 6 za saa 8. Deiwaka, yaani kibarua wa kutwa, anayekuja mara mbili kwa wiki ameshavuka. Ukimpumzisha na kumrudisha, vipindi hujumlishwa: vikizidi miezi 6 ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule, ana haki ya likizo ya malipo.

Kilichonichukua muda kuliko vyote ni saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inaruhusu siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Mameneja wengi husoma namba mbili za mwanzo na kuipita ya tatu. Siku 6 mara saa 9 ni 54, kwa hiyo kufikia Ijumaa jioni saa 45 zimekwisha na Jumamosi yote ni saa za ziada. Kikomo cha ziada ni saa 50 kwa kila wiki 4. Jumamosi nne zinakula 36, na unabaki na 14 tu za kumwagia zege.

Ratiba iliyokaa sawa ni hii: Jumatatu hadi Ijumaa kuingia saa 1:30 asubuhi, kutoka 10:30 jioni, saa moja ya chakula katikati. Hapo ni saa 8. Jumamosi kuingia 1:30, kutoka 6:30 mchana, saa 5. Jumla 45. Mapumziko ya dakika 60 ni lazima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, ndiyo maana Jumamosi inaishia hapo hapo. Mapumziko hayo hayalipwi, ila ukimwambia fundi ale huku akilinda mchanganyiko wa zege, unayalipa.

Siku ya zege niliiandikia kifungu chake, kwa kuwa zege halisubiri mtu na kanuni nyingi huvunjwa siku hiyo. Mtu mmoja hawezi kuvuka saa 12 za kazi kwa siku, ziada ikiwemo. Aliyeingia 1:30 asubuhi anafika mwisho saa 2:30 usiku. Baada ya hapo lazima apumzike saa 12 mfululizo, maana yake kesho yake anaingia 2:30 asubuhi, hata foromani (msimamizi wa mafundi saiti) anune vipi. Slabu kubwa, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, inataka vikundi viwili, cha pili kiingie saa 10:00 jioni ili makabidhiano yafanyike mchana.

Hesabu yenyewe niliiweka ndani ya kitabu ili fundi aweze kujikagulia. Mfano ni fundi wa Sh 16,000 kwa siku ya saa 8. Saa moja ni Sh 2,000. Ziada ni mara moja na nusu, Sh 3,000. Kuanzia saa 2:00 usiku hadi 12:00 asubuhi inaongezwa asilimia 5, na kama ni ziada, asilimia hiyo inapigwa juu ya kiwango cha ziada: Sh 3,150. Jumapili na sikukuu ni mara mbili. Kabla ya kupanga kiwango cha siku, fungua amri ya serikali ya kima cha chini cha mishahara inayotumika sasa. Kwa ujenzi kima cha chini kinafuata daraja la usajili wa mkandarasi, kwa hiyo kampuni ikipanda daraja mishahara nayo inakaguliwa upya.

Kuna kosa dogo linaloumiza hapa. Foromani anaandika 1:30 na 10:30, programu ya mishahara inasoma saa za kizungu. Fomu yetu ya mahudhurio ina safu ya "asubuhi/jioni/usiku" na safu ya jumla ya saa, inajazwa na kusainiwa na mfanyakazi siku ileile. Kusainisha mwisho wa wiki ni kukaribisha ugomvi.

Mikataba: watu wengi wa saiti nawaandikia mkataba wa kazi maalumu, yaani wa kazi moja iliyotajwa. Usiandike "kazi za ujenzi". Andika "kusuka nondo na kumwaga zege hadi slabu ya ghorofa ya 3, saiti fulani". Ukimhamishia saiti nyingine bila karatasi mpya, mkataba wa kwanza haukusaidii tena. Sehemu ya "mahali alipoajiriwa" usiiache wazi. Aliyechukuliwa Mwanza akamalizia kazi Dodoma anadai usafiri wake na mizigo yake hadi Mwanza, na fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri nauli. Kuchelewesha nauli kunaweza kukugharimu kuliko nauli yenyewe. Na ukishindwa kuonyesha mkataba wa maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti unakuangukia wewe.

Makato. "Umechelewa, nusu siku imekwenda" niliifuta. Dakika ambazo hakufanya kazi hazilipwi, zaidi ya hapo ni faini. Kofia ngumu, buti na mkanda wa usalama ni vya kampuni, havikatwi mshahara. Kifaa kilichopotea kinaweza kukatwa ikiwa amekubali kwa maandishi, amepewa nafasi ya kujitetea, kosa ni lake, na makato hayazidi robo ya malipo yake.

Kifungu kilichopingwa zaidi kinasema foromani hana mamlaka ya kumfukuza mtu. "Usirudi kesho" ikitamkwa pale kwenye jukwaa la kupandia mafundi mbele ya watu, imeshakuwa kufukuza kazi, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, itauliza kikao cha nidhamu kilifanyika lini. Kwetu foromani anaweza kumtoa mtu eneo la hatari siku hiyo, kwa malipo, akaandika tukio nusu ukurasa. Barua ya tuhuma hutolewa na ofisi, mtu anapata si chini ya saa 48 kujiandaa, anakuja na mwakilishi au mwenzake, na mwenyekiti wa kikao hatoki kwenye timu iliyohusika na tukio.

Ajali: taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7, na anayeijaza ni mtunza stoo, kwa sababu ndiye yupo saiti kila siku. Watu wa fundi mkuu aliyekuja na kikundi chake nao wanaandikwa majina getini. Chini ya miaka 18 haingii, hata kubeba maji.

Sheria inataka masharti yaelezwe kwa namna anayoielewa mfanyakazi, kwa hiyo kitabu ni cha Kiswahili, nusu ya ukubwa wa A4, na kinasomwa kwa sauti kipande kwa kipande kwenye kikao cha usalama cha asubuhi. Haki za wafanyakazi zimebandikwa karibu na bomba la maji, wanaposimama. Mikataba inatunzwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Usiiache kwenye kontena la saiti. Kazi ikiisha kontena huhamishwa na karatasi zake.