Nyumba ya Gayo na Mtumishi Aliye Safarini

Wapendwa katika Bwana, juma hili tunasoma Waraka wa Tatu wa Yohana, ambao unaenea katika ukurasa mmoja na ambao wengi wetu huupita haraka. Ukiondoa salamu, karibu waraka wote unahusu jambo la nyumbani kabisa: ni nani atakayewafungulia mlango ndugu waliotoka kwa ajili ya Jina la Kristo. Ndugu hao hawakupokea kitu kwa watu wa Mataifa, na nyumba za kulala wageni za siku zile zilisifika kwa wizi, ulevi na uasherati, hata Injili ikawa inasonga kutoka mji hadi mji kwa kadiri ilivyopata mahali pa kulala. Mzee, ndivyo Yohana anavyojiita, anamwambia Gayo, mpendwa aliyeandikiwa waraka huu, kwamba tunapaswa kuwakaribisha watu kama hao “ili tupate kutenda kazi pamoja na kweli”. Kumbe aliyetandika kitanda na aliyesimama kuhubiri wamo katika kazi moja.

Katika waraka huo huo yumo Diotrefe, ambaye hakuwapokea ndugu, tena aliwazuia waliotaka kuwapokea na kuwatoa katika kanisa. Yohana hasemi kwamba Diotrefe alikuwa maskini au kwamba nyumba yake ilikuwa finyu. Anasema alipenda kuwa wa kwanza. Nadhani ugonjwa huo una sura mbili, na ya pili ndiyo tunayoijua zaidi sharikani: wapo wanaomkataa mgeni ili wasipungukiwe heshima, na wapo wanaomgombania mgeni ili waongezewe. Nimewahi kukaa katika kikao cha wazee ambako habari ya wapi wamisionari wawili walale ilichukua muda mrefu kuliko habari ya watakachofundisha. Mwisho wakapelekwa kwenye nyumba yenye sebule kubwa kuliko zote. Kila jioni waliitwa kusalimiana na wageni wa mwenyeji wao hadi saa sita usiku, na siku ya tatu mmoja wao alipanda madhabahuni sauti imemkauka kabisa.

Bwana wetu alipowatuma wale Thenashara aliwaagiza kwamba wakiingia katika mji watafute aliye mtu anayestahili, wakae kwake hata watakapotoka. Na katika Luka anawakataza wale Sabini aliowatuma baadaye kuhamahama nyumba kwa nyumba. Agizo hilo lilimlinda mtumishi asianze kupima mboga za nyumba hii na za nyumba ile, lakini nadhani lilimlinda zaidi mwenyeji wa kwanza, ambaye pengine alikuwa na ugali na dagaa tu, asiaibike kwa kuachwa tajiri alipojitokeza. Neno lililotumika ni kutafuta. Sisi mara nyingi hatutafuti. Tunatangaza mwisho wa ibada, watu wameshashika Biblia zao kuondoka, kisha tunamshukuru yeyote aliyenyosha mkono. Kutafuta kunadai mzee wa kanisa aende akakae katika nyumba hiyo, aone kama mume na mke wamepatana juu ya jambo hili, aulize ni nani atakayeteka maji na kuamka kuwasha jiko, maana mara nyingi anayekubali kanisani ni mmoja na anayetumika nyumbani ni mwingine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa yule mwanamke wa Shunemu katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne. Alianza kwa kumpa Elisha chakula kila alipopita, na kwa kumwona hivyo mara kwa mara akamtambua kuwa ni mtu wa Mungu. Hapo ndipo alipozungumza na mumewe, nao wakakubaliana kumjengea chumba kidogo na kuweka humo kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu hivyo vinne vinastahili kutazamwa polepole. Kitanda ni cha mtu aliyechoka kwa safari. Meza na kiti ni vya mtu mwenye kazi ya kufanya akiwa peke yake, na taa ni ya mtu anayekesha au anayeamka kabla ya jogoo. Mwanamke huyu alikuwa na cheo na mali, angeweza kumwandalia nabii karamu na kuwaalika majirani waje wamwone, lakini alimpa mlango anaoweza kuufunga. Wenyeji wetu wengi wakarimu husahau jambo hili: tunamlisha mgeni mpaka anaelemewa, wala hatumpi saa moja ya kunyamaza mbele za Mungu.

Kuhusu kumtia moyo, Paulo anamkumbuka Onesiforo kwamba mara nyingi alimburudisha, wala hakuuonea haya mnyororo wa Paulo aliyekuwa kifungoni, na kwamba huko Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Anayetumwa mbali na kwao hubeba mambo asiyoyasema mimbarani: mtoto aliyemwacha na homa, mkutano wa jana ambao hawakuja watu, lugha ambayo bado inamkwaza ulimi. Mwenyeji mwenye hekima hamhoji. Humwekea maji ya kuoga, huketi naye kibarazani, na asipotaka kuongea humwacha anyamaze. Na kabla ya kulala humwombea yeye kwa jina, kwa sababu mtu anayeombea watu mchana kutwa ni nadra kumpata anayemwombea.

Ukarimu huu haukuwa wa kufumba macho. Waraka wa Pili wa Yohana unakataza kumkaribisha nyumbani mtu asiyeleta mafundisho ya Kristo, na maandiko ya kale ya Wakristo yajulikanayo kama Didake yanasema mtume akae siku moja, au ya pili ikibidi, lakini akikaa tatu ni nabii wa uongo. Na msafiri anayetaka kukaa kabisa, ikiwa ana ufundi, afanye kazi ale. Wahenga wetu, ambao hawakuisoma Didake, walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na lipo jembe moja ambalo Kanisa la maziwa makuu halilisahau. Apolo Kivebulaya, Mganda, alipovuka kwenda Mboga katika nchi ya Kongo mwaka 1896, walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa kwa kunyimwa chakula. Yeye alikwenda na jembe, akalima. Chifu Tabaro alimpiga na kumtesa, lakini baadaye chifu huyo huyo alibatizwa, na Apolo alipofariki mwaka 1933 alizikwa huko huko Mboga. Tunamsifu kwa uvumilivu wake, na ni haki, ila tusisahau waliotangulia, waliorudi kwa sababu hapakuwa na nyumba iliyowapa chakula.

Limebaki neno moja aliloambiwa Gayo juu ya ndugu hao, nalo ni “kuwasafirisha”. Yohana hakuridhika na mapokezi. Alitaka ndugu waondoke wakiwa na masurufu ya njiani, kama ipasavyo kwa Mungu. Kwetu hiyo ni nauli, chakula kilichofungwa vizuri, simu kwa mwenyeji wa kituo kinachofuata, na mtu wa kuwasindikiza hadi stendi.

Hatuambiwi Gayo alijibu nini. Tunachosoma ni kwamba mzee alikuwa na mambo mengi ya kuandika, akaona asitumie wino na kalamu, kwa kuwa alitaraji kumwona karibuni waseme mdomo kwa mdomo. Basi Gayo alipoukunja waraka ule alijua kwamba kitanda kitahitajika tena.