Nilivyozipata logi za skana, na ushauri uliokaribia kuzipoteza

Ukiuliza programu ya skana (redio ya kusaka na kusikiliza mazungumzo kwenye masafa mbalimbali) inaweka wapi faili zake, utajibiwa upesi: "Angalia Program Files," folda ambamo Windows husakinisha programu. Jibu hilo linanikera mpaka leo, maana lilikaribia kunipotezea logi (kumbukumbu) zote: namba za vikundi vya mazungumzo, majina niliyoyaandika moja moja, na masafa niliyoyapata kwa kukesha nikisikiliza.

Nilikuwa natumia programu ya zamani, ya biti 32, kwenye Windows. Ndani ya Program Files faili zake nilizikuta, ila zote zilikuwa na tarehe ya siku ya kusakinisha. Hakuna kilichoguswa tangu hapo, ilhali nikiifungua programu, kila kitu kimo. Nikashauriwa kwa uhakika mkubwa: iendeshe kwa haki za msimamizi, itaandika panapostahili. Nikafanya hivyo. Orodha ikafunguka tupu, hata kikundi kimoja hakuna! Ushauri uliofuata ukawa niifute na kuisakinisha upya. Hapo nikagoma.

Nilichofanya ni kuacha kuwinda faili kwa jina na kuivizia programu yenyewe ikiandika. Niliifunga, nikaifungua kwa njia ya kawaida (orodha ikarudi yote), nikaiweka kwenye masafa yenye maongezi mengi. Kisha nikafungua Resource Monitor, zana ya Windows inayoonyesha kila programu inafanya nini, upande wa diski, nikaiwekea alama programu yangu peke yake. Mazungumzo yalipoingia tu, njia kamili ya faili ikajitokeza: AppData\Local\VirtualStore. Niliruka kwa furaha.

Kumbe tangu Windows Vista, programu kuukuu ya namna hiyo ikijaribu kuandika ndani ya Program Files bila ruhusa, mfumo hauikatalii. Unaihamishia maandishi yake kimyakimya kwenye folda ya mtumiaji, nayo programu haina habari. Ukiipa haki za msimamizi uhamishaji huo haufanyiki, kwa hiyo inasoma nakala kongwe ya siku ya kwanza. Logi zangu hazikuwa zimepotea hata dakika moja. Zilikuwa chumba cha pili.

Kama programu yako huandika mara chache, tumia Process Monitor, zana ya Microsoft inayorekodi kila kitendo cha programu, na uchuje WriteFile, yaani vitendo vya kuandika faili. Kwenye Linux, amri ya lsof huonyesha faili ambazo programu imezifungua wakati huo. AppData imefichwa, lakini andika %APPDATA% au %LOCALAPPDATA% kwenye sehemu ya anwani ya kivinjari cha faili na utaingia moja kwa moja.

Si programu zote zinazosumbua hivi. SDRTrunk, programu nyingine ya skana, hutengeneza folda yenye jina lake kwenye folda kuu ya mtumiaji, na humo angalia vizuri: logs ni ya hitilafu za programu yenyewe, mazungumzo yaliyonaswa yameorodheshwa kwenye event_logs, na sauti ziko recordings. Gqrx, programu ya kupokea redio, kwenye Linux huweka mipangilio ndani ya .config/gqrx, na ile nukta ya mwanzo ndiyo inayoificha.

Rekodi za mawimbi ghafi za IQ (kila sampuli ni namba mbili, I na Q) hazihitaji ujanja wowote, panga tu faili kwa ukubwa. Kwa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde za biti 8, ni megabaiti 4.8 kila sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 17 kwa saa. Faili la hivyo halijifichi.

Programu yangu niliihamishia C:\Skana, nje kabisa ya Program Files, na juu yake nikanakili zile faili za VirtualStore. Sasa inaandika pale pale ilipo. Nakala rudufu ni kunakili folda moja, ila naifunga programu kwanza, kwa sababu baadhi ya programu hizi huandika orodha ya vikundi wakati wa kufungwa tu, na ukinakili kabla utabeba orodha ya jana.