Koti la Kongowea

Januari 2016, Mombasa ikiwa inachemka kwa joto la kaskazi, nilikwenda soko la Kongowea kutafuta koti la baridi kali kwenye mitumba. Muuzaji alilichomoa moja kutoka chini ya rundo, zito, lenye kofia ya manyoya, akanivisha papo hapo juani. Kabla sijafunga zipu jasho lilikuwa limeshanifika kiunoni, na wachuuzi wenzake wanacheka. Nyumbani, Mji wa Kale, karibu na Ngome ya mawe ya Fort Jesus, mama aliligeuzageuza lile koti, kisha akaniuliza, "Mwanangu, waenda kufuata nini huko?" Sikuwa na jibu.

Nilikuwa naenda Mlima Kenya, kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, ambacho mtu hukifikia kwa miguu yake, tofauti na Batian na Nelion vinavyotaka kamba na ujuzi wa miamba. Siku mbili za kwanza za njia ya Sirimon hazina mengi ya kusimulia, ila lobelia zilizonizidi kimo. Kosa langu lilikuwa mwendo. Kwa kuwa nilizoea kupanda ngazi za nyumba yetu bila kuhema, nilijiona hodari, nikawa natangulia kila mara. Mwongozaji wetu, mtu wa Nanyuki, aliniambia mara moja tu, "Kaka, pole pole," kisha akaniacha.

Deni hilo nililipa kambi ya Shipton's, kwenye mita 4,200. Kichwa kilinigonga kama kinu, wali sikuweza hata kuutazama, na chai, kwa vile maji huko huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, ilikuwa kama maji ya kusuuzia birika. Saa tisa usiku tulianza kupanda. Nilihesabu hatua ishirini nikapumzika, baadaye kumi, baadaye tano, maana kila pumzi ilibeba oksijeni iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Maji yaliganda chupani. Mwongozaji sasa alikuwa nyuma yangu, na kila nilipotaka kukaa alinishika kiwiko bila kusema neno.

Jua lilipochomoza tulikuwa juu. Nilitazama kusini-mashariki, upande wa kwetu, nikaona mawingu matupu.

Niliporudi, mama alinipa kahawa tungu na kashata, akaningoja nimalize kikombe.

"Haya, na huko juu kuna nini?"

"Mawe, mama."

"Mawe!" akasema. "Na haya ya Ngome yalikuwa na kasoro gani?"